Naomba ushauri: matangazo ya Google yanakula pesa, wanunuzi hawafiki yadi

Hamjambo nyote. Nasimamia mauzo katika yadi ndogo ya magari ya mitumba hapa Nakuru, kando ya barabara ya kwenda Eldoret. Tunauza hasa Probox, Axio na Demio. Huu ni mwezi wa tatu tunalipia matangazo ya Google, shilingi 1,000 kwa siku. Watu wanabofya kweli, lakini waliofika yadi kwa njia hiyo wakanunua ni wawili tu.

Juzi nilifungua ripoti ya maneno ambayo watu walikuwa wametafuta, nikashtuka. "Taa ya nyuma ya Probox." "Kukodisha gari Nakuru." "Kazi ya udereva." Yote hayo tumeyalipia! Nimeshazuia maneno kama vipuri, kukodisha na kazi, na nimebana tangazo lionekane kwa walioko Nakuru, Naivasha na Kericho pekee. Mibofyo imepungua, ila simu hazijaongezeka.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba anayetafuta Axio anapelekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti, aanze kuitafuta upya. Na wengi hutuandikia WhatsApp, ambako siwezi kujua nani katoka kwenye tangazo.

Je, nitengeneze tangazo na ukurasa wa kila aina ya gari, au kwa bajeti hii nibaki na Probox kwanza? Na mnahesabuje wanaokuja kupitia WhatsApp ili Google ijue ni mbofyo upi ulioleta mteja? Mwenye yadi anataka kuyasimamisha matangazo haya mwisho wa mwezi. Asanteni sana.