Kidole tumbo: je, kufaa kwa dawa kunathibitisha kwamba upasuaji hauhitajiki?

Swali
Ndugu zangu, naomba msaada wa kupima hoja hii. Utafiti wa APPAC uliofanyika Ufini na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa wa kidole tumbo waliopewa antibiotiki badala ya kupasuliwa, takriban asilimia 27 walifikia kupasuliwa ndani ya mwaka mmoja. Mtu mmoja amehitimisha kwamba, kwa kuwa asilimia 73 walipona kwa dawa, upasuaji huo hauna haja tena. Je, hitimisho lake linasimama?

Jibu la 1
Halisimami. Utafiti ule uliwachukua wale tu ambao picha ya CT ilionyesha kwamba ugonjwa wao haujaleta madhara zaidi. Wenye jipu, kijiwe ndani ya kidole tumbo, au kidole tumbo kilichotoboka, hawakuhusishwa. Kinachothibitika basi ni kwamba baadhi ya wagonjwa wa aina fulani wanaweza kuepuka kisu, na kutoka "baadhi" mtu haruhusiwi kurukia "wote". Hata hiyo 73 itazamwe vizuri, maana wagonjwa walewale walipofuatiliwa kwa miaka 5, waliopasuliwa walifika takriban asilimia 39.

Jibu la 2
Nakubali, ila tusiangukie upande wa pili. Atatokea wa kusema kwamba, kwa kuwa asilimia 39 walipasuliwa hatimaye, antibiotiki ni kupoteza muda. Hilo nalo halifuati, kwani wagonjwa kama 6 kati ya 10 walikuwa bado hawajapasuliwa, na kama kuchelewa kuliwadhuru wale wengine ni dai jingine linalodai ushahidi wake.

Muulizaji
Ahsanteni. Angalau naweza kusema kwamba ambao hawakupasuliwa waliponywa na antibiotiki?

Jibu la 1
Bado, ndugu yangu. Ili kusema hivyo unahitaji kundi la kulinganisha ambalo halikupewa dawa wala kupasuliwa, na utafiti ule haukuwa nalo. Upasuaji wenyewe haukwepi kanuni hii: katika utafiti wa Houston uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa wa goti lililochakaa waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza, yaani waliochanjwa ngozi tu bila goti kuguswa kwa ndani, walipata nafuu kama ya waliopasuliwa kikamilifu. Bila kundi hilo la kuigiza, kila aliyepata nafuu angeapa kwamba ni kisu kilichomponya.