Maktaba ya C iingie Debian: kifurushi kimoja au viwili?

JaKondele
Hamjambo. Niko Kisumu. Nina maktaba ndogo ya C (msimbo ambao programu nyingine huutumia) inayokata maneno ya Kiswahili na Dholuo katika silabi, na walimu kadhaa wanaitumia kwenye kompyuta za Debian, ule mfumo huria wa uendeshaji. Kwa sasa nawapa faili ya .deb (kifurushi cha Debian) kwenye flashi, kila kitu ndani: libsilabi.so (maktaba yenyewe), faili za .h (za wanaoandika programu), mifano. Natamani iingie Debian yenyewe, mwalimu wa Siaya au Bungoma aandike amri ya kusakinisha, apt install, bila kunitafuta. Je, kifurushi kimoja kitakubaliwa?

FundiMilimani
Salamu kutoka Nakuru. Ndugu yangu, tenganisha. Kile ambacho programu inahitaji ikiwa kazini kiende libsilabi1. Faili za .h na kiungo cha libsilabi.so viende libsilabi-dev. Hiyo 1 inatoka kwenye SONAME, jina lenye namba ya toleo lililoandikwa ndani ya maktaba, hapa libsilabi.so.1. Siku ukibadilisha funksheni hadi programu za zamani zikwame, SONAME inapanda na kifurushi kinaitwa libsilabi2. Vyote viwili vitakaa kwenye mashine moja, na programu ya mwalimu itaendelea kutumia ile ya zamani. Ukizifungia faili za .h humo humo, zote zitataka nafasi ile ile chini ya /usr/include na dpkg, kisakinishi cha vifurushi, itakataa. Kagua kwa amri ya objdump -p kama SONAME ipo. Gcc, kompaila ya C, haikuwekei usipoiomba kwa -Wl,-soname.

Mwalimu_Kakamega
Kwani si ufungue hazina yako ya apt tu, yaani seva yako mwenyewe ya vifurushi? Wiki hii hii tutakuwa tunapakua.

NyarGem
Hiyo itawafaa wanaomjua tu, mwalimu. Omera JaKondele, mimi naogopa leseni zaidi. Kifurushi kipya hupitia foleni ya NEW, ya ukaguzi kabla ya kuingia Debian, na huko debian/copyright, faili ya leseni, husomwa kwa makini. Hata libsilabi2 itapita huko, maana jina ni jipya. Orodha ya maneno ya Dholuo umeitoa wapi?

JaKondele
Tuliikusanya na walimu wenyewe, dada. Hatujaandika lolote kuhusu leseni.

NyarGem
Basi anzia hapo. Kila aliyechangia akubali leseni moja kwa maandishi, barua pepe inatosha. Kisha fungua ITP (tangazo kwamba unakusudia kufungasha) kwenye wnpp, orodha ya Debian ya vifurushi vinavyoshughulikiwa, mwingine asije akaanza kazi hiyo hiyo. Jenga kwa sbuild (hujenga kifurushi katika mazingira safi), pitisha lintian (hutafuta makosa ya kifurushi), pandisha mentors.debian.net, halafu tuma RFS, ombi la mdhamini, yaani mwanachama wa Debian wa kukuingizia kifurushi.

JaKondele
Nawaandikia walimu leo. Fundi, nikigawa vifurushi nitakuomba unikagulie debian/control, faili inayoorodhesha vifurushi hivyo.

FundiMilimani
Ilete hapa hapa.