Tupeane uzoefu: likizo ya uzazi ulijipangaje na mwajiri wako?

Tunda la Kimara:
Habari zenu wapendwa. Leo ofisini kuna dada kaitwa kwa HR katoka analia, kisa kapeleka barua ya likizo ya uzazi tumbo lishafika miezi minane, akaambiwa ulitakiwa ulete miezi mitatu kabla, mtu wa kushika nafasi yako hatuna kwa hiyo vumilia kwanza. Avumilie nini sasa, mtoto anapangiwa foleni? Na mimi mwenyewe nina wiki 16, hakuna anayejua zaidi ya mlinzi aliyenikuta natapika nyuma ya jenereta. Waliopitia nisaidieni, ulisema lini, ulianza kumwambia nani, kazi ulikabidhi vipi. Nipo Dar, kampuni binafsi, mkataba wa miaka miwili.

Mnyalu Mpole:
Barua, barua, barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka utoe taarifa walau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makisio, uambatanishe na cheti cha daktari. Andika nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri na tarehe uondoke nayo. Bosi akikwambia kwa mdomo "hongera mama, haina shida", hiyo hongera huwezi kuipeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

Binti Pangani:
Mimi napinga, usiwahi kusema. Nilisema nina miezi miwili tu nikaona nimetolewa kaunta nikapelekwa stoo kupanga maboksi ya mafuta ya kula, eti "kukupunguzia msongo wa wateja". Boksi la lita 20 ndo linapunguza msongo? Ficha, vaa dera, tumbo litajitangaza lenyewe.

Mnyalu Mpole:
Ukificha hiyo miezi mitatu unaitoa wapi? Na mjamzito haruhusiwi kupewa kazi hatarishi, ungewaandikia.

Binti Pangani:
Nimesema nilikuwa na miezi miwili, nimemwambia asiwahi, sijamwambia asubiri uchungu. Soma kwanza ndugu yangu. Na kuwaandikia, ningeandikia wapi, juu ya boksi?

Mama Pacha Makambako:
😂😂 Juu ya boksi. Mimi barua nilipeleka mimba ikiwa na miezi mitano, nikapewa siku 84. Ultrasaundi ya mwisho ikaonyesha wako wawili, nikarudi HR, kwa mapacha ni siku 100, wakanishangaa kama naomba mkopo. Nikawafungulia sheria kwenye simu, kifungu cha 33, wakasaini. Hakikisheni mnakuwa nacho kwenye simu jamani.

Mzee wa Nondo:
Naomba niulize kwa heshima. Sisi wenye biashara za watu wanne watano mnatufikiriaje? Binti wangu wa mauzo alienda likizo, nikamlipa yeye na aliyeshika nafasi yake, biashara nayo ilikuwa inayumba. Akirudi anadai masaa mawili kila siku ya kunyonyesha. Hakuna anayechukia watoto lakini semeni ukweli.

Chausiku:
Mkeo alivyojifungua alirudi kazini baada ya muda gani?

Mzee wa Nondo:
Mke wangu hajaajiriwa.

Chausiku:
Sawa mzee. Nimeelewa.

Mzee wa Nondo:
Sasa hapo umeelewa nini? Mimi nililipa! Nimeuliza tu.

Rehema wa Rangi Tatu:
Mwacheni mzee wa watu, kalipa, wangapi hawalipi. Nirudi kwenye hayo masaa mawili maana na yenyewe inabidi uyapange KABLA hujaondoka. Ofisi yangu Posta, nyumbani Mbagala, masaa mawili yanaishia kwenye daladala hujafika hata Mtoni kwa Azizi Ali. Kwenye barua ya likizo nikaweka aya kabisa kwamba nikirudi naomba niyaunganishe nitoke mapema, wakakubali. Ningesubiri kuomba siku ya kurudi ningekutana na bosi mpya asiyejua lolote. Maziwa nilikuwa nakamulia chumba cha sava, mlango hauna kitasa, nimeegemea kwa mgongo huku fundi wa mtandao anagonga "dada intaneti imekata". Ikate tu.

Wa Bamburi:
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mama ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, notisi ya maandishi siku saba zatosha. Na baba ana wiki mbili zake. Baba huko kwenu apewa ngapi?

Chausiku:
Tatu.

Wa Bamburi:
Wiki tatu!

Chausiku:
Siku, kaka. Siku tatu. Moja ya kupika mtori, moja ya kuuunguza, moja ya kwenda kununua chipsi.

Keshia Mstaafu:
Hapo kwenye kukabidhi kazi mmenikumbusha mbali. Nilikuwa nashika sefu kwenye kampuni moja ya ujenzi, barua nilipeleka mapema, muhuri ninao, tarehe ya makisio nimeizungushia na peni nyekundu. Kila Jumatatu namuuliza bosi ufunguo nimkabidhi nani, ananiambia bado mapema mama, mbona unatembea vizuri. Wiki ya 37 asubuhi nafungua ofisi chupa ikapasuka. Na siku yenyewe ni mwisho wa mwezi, hela za vibarua zimo ndani ya sefu, vibarua wamejaa nje. Nikapakiwa bajaji, ufunguo upo kwenye sidiria. Leba unavuliwa kila kitu, nesi akauchukua akaufungia ndani ya glavu akauweka kwenye beseni na khanga za mtoto. Sikuukumbuka tena, nani anakumbuka sefu saa ile.

Mchana bosi kafika. Mlangoni kazuiwa, wanaume hawaingii, akaulizwa we nani, si akasema MIMI NDIYE BABA. Nesi akafurahi, haya baba hongera, zimepungua khanga mbili na pamba, kalete haraka. Na akaenda kununua!! Akarudi kazibeba, akaambiwa subiri mtoto anakaribia, akakaa kwenye benchi kakumbatia pamba, simu inaita tu huko saiti vibarua wanataka kuvunja mlango. Mume wangu dereva wa lori, alikuwa Chalinze, akageuza gari. Anafika anajitambulisha, nesi anamshangaa, anamwambia baba wa mtoto si yule pale?

Ngoja nikatoe chapati ntarudi.

Mama Pacha Makambako:
WE DADA RUDI HAPA

Binti Pangani:
Chapati ziungue. Mume alifanyaje?

Wa Bamburi:
Mimi nimeacha kazi nasubiri.

Salha Njiti:
Wakati tunamsubiri. Mnaopanga tarehe pangeni na ya dharura. Mimi makisio yalikuwa mwezi wa kumi na moja, mwanangu akaja wa tisa, ana kilo moja na gramu mia moja. Kazi hakuna niliyemkabidhi, nenosiri la malipo ninalo mimi, napigiwa simu nipo kangaruu mtoto kifuani. Likizo yangu karibu yote iliishia wodini, nimetoka naye hospitali nikakaa nyumbani kidogo tu nikaanza kudaiwa nirudi. Siku hizi sheria imerekebishwa, 2025, mama wa njiti anaongezewa muda. Enzi zangu haikuwepo. Anzeni kumfundisha mtu kazi yenu mkiwa na miezi mitano.

Rehema wa Rangi Tatu:
Pole sana mamaa. Mtoto yuko sawa sasa?

Salha Njiti:
Yupo la pili, anasumbua hatari.

Chuma Ulete:
Msimfundishe mtu kazi YOTE. Mfundishe robo tatu. Robo ibaki na wewe ndo bima yako ya kurudi.

Mnyalu Mpole:
Huo ushauri mbovu, ndo unaofanya mtu apigiwe simu wodini. Kukufukuza kwa sababu ya ujauzito ni kinyume cha sheria, ukiachishwa una siku 30 za kufungua shauri CMA. Usizembee hapo.

Chuma Ulete:
Sheria anayo huyo, mtoto wa mjomba wa bosi ana kiti chako.

Dada wa Uhasibu:
Wengine hamjaigusa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii tunaokatwa. Kuna fao la uzazi, ila wanataka uwe umechangia miezi isiyopungua 36. Angalieni michango MAPEMA. Mimi nilikuwa nakatwa kila mwezi kwenye mshahara, naenda kuangalia kumbe mwajiri hapeleki, ana mashimo ya mwaka na kitu. Nilikuwa mjamzito wa miezi minne, nikapambana naye yakalipwa. Ningeenda na mtoto mgongoni ningeambulia patupu. Kama makisio yako yanaruhusu ambatanisha na likizo ya mwaka, siku 28, upate kupumua.

Tunda la Kimara:
Asanteni. Na kuondoka je, niondoke lini? Mama mkwe anasema nipumzike mwezi mzima kabla.

Dada wa Uhasibu:
Sheria inakuruhusu kuanzia wiki nne kabla, lakini usizile. Siku utakayolala nyumbani na tumbo utaililia mtoto akiwa na miezi miwili.

Mama Pacha Makambako:
Mi nilikula zote nne na sijutii, miguu ilikuwa haiingii hata kwenye ndala. Mwili wako ndo uamue, sio kalenda.

Aliyeajiriwa Juzi:
Mimi nina miezi mitatu tu kazini na nina mimba ya miwili. Napata?

Mnyalu Mpole:
Ukiwa chini ya miezi sita kazini likizo ya malipo huidai. Ila mpaka ujifungue utakuwa umeshavuka. Tulia, fanya kazi, kadi ya kliniki tunza.

Keshia Mstaafu:
Nimerudi. Mume wangu hakupiga mtu, poleni mliotaka ngumi. Alimwangalia bosi, akaangalia zile khanga, akamwambia kwa kuwa umeshakuwa baba, dirisha la malipo lile pale. Na akalipa! Nikatoka leba nina binti, na bosi kasimama mlangoni jasho linamtiririka, mama naomba ufunguo. Nikamwambia andika kwanza kuwa umepokea. Karatasi hakuna, nesi akampasulia boksi la glavu, akaandika nyuma yake "nimepokea ufunguo wa sefu, fedha nitahesabu mwenyewe", sahihi, tarehe, saa. Nesi akasaini shahidi.

Narudi baada ya likizo naambiwa kuna hela pungufu kipindi changu. Nikawawekea boksi mezani. Kimya.

Wa Bamburi:
Huyo nesi apewe tuzo.

Mzee wa Nondo:
Huyo bosi alichelewa kukabidhisha, mimi nisingefika huko. Tunda, kama kuna anayeshika funguo hapo kwenu mwambieni mwajiri wenu leo.

Binti Pangani:
Mzee karudi kwa adabu 😂 Keshia, zile khanga alikuachia?

Keshia Mstaafu:
Moja. Nyingine aliondoka nayo anajifutia jasho.