Wadau wa baiskeli Mbeya, vifaa gani vya kuanzia matengenezo ya nyumbani?

mwana_uyole
Habari za jioni wadau. Nina baiskeli ya gia, mtumba, ringi 26, naenda nayo Uyole mpaka Mwanjelwa na kurudi karibu kila siku. Nimechoka kwenda kwa fundi kwa kila kitu kidogo, mara breki imelegea mara cheni inaruka, na pancha ndo usiseme. Nataka nikae na vifaa vyangu nyumbani nijifunze taratibu, bajeti elfu hamsini hivi. Kuna boksi la spana nimeliona sokoni limejaa saizi zote na bei yake nzuri kabisa, ila chuma chenyewe nakiona chepesi. Nilibebe hilo au ninunue kimoja kimoja?

spana_mbalizi
Mkuu achana na hilo boksi. Baiskeli haina saizi nyingi kivile, spana nyingi humo zitaota kutu tu. Kabla hujatoa hela toa baiskeli nje uikague nati moja moja. Kwa baiskeli nyingi nati za ekseli (chuma cha katikati ya gurudumu) ya nyuma ni milimita 15, mbele 14 au 15, waya wa breki unabanwa na nati ya 10 au spana L (ile iliyopinda yenye ncha ya pembe sita) namba 5, siti mara nyingi 13 au 14. Kwa hiyo tafuta 10, 13, 14 na 15 za chuma kizito, zile zenye ringi upande mmoja na mdomo upande wa pili, ongeza seti ya spana L na bisibisi ya nyota. Spana malaya (ile ya kupanua na kubana mdomo) usiipeleke kwenye nati za ekseli kabisa, mdomo wake unacheza, inakula kona mpaka nati inakuwa duara na hapo kuifungua ni kazi nyingine. Halafu pedeli ya kushoto inafunguliwa kinyume, unazungusha upande ambao kwa nati ya kawaida ungekuwa unakaza, watu wanaua thredi za krenki (mkono unaoshika pedeli) kwa kutojua hilo.

wa_ipogolo
Kamwene. Mwenzangu kasema vizuri ila mi ningeanza na pancha, hiyo ndo itakusumbua kuliko zote. Nunua vile vyuma bapa vya kutolea tairi, usitumie bisibisi, inabana tyubu unaziba tundu moja unatoboa lingine. Msasa, viraka, solusheni (gundi ya viraka). Sugua tyubu na msasa mpaka ule mng'ao uishe, paka solusheni halafu SUBIRI, ikiacha kung'aa na ukigusa pembeni haivutiki ndo ubandike na ukandamize kwa nguvu. Wengi wanabandika ikiwa mbichi halafu wanalaumu kiraka. Na kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole mzunguko mzima, mwiba ukibaki mule unarudi nyumbani na pancha ile ile.
Raba za breki pia ziwepo za akiba. Sisi tunaoshuka kutoka Iringa mjini kuja Ipogolo tunajua, raba ikiisha chuma chake kinakwaruza rimu.

dada_tukuyu
Hamjagusa cheni jamani na kaka kasema inaruka. Kwanza chukua rula ya inchi 12, hiyo nayo ni kifaa. Vuta cheni ikaze, weka sifuri katikati ya pini moja, pini ya inchi 12 inatakiwa iangukie palepale. Ikipita milimita moja na nusu badilisha cheni mapema, ikifika tatu jua meno ya nyuma nayo yameshaliwa na cheni mpya itaruka vilevile. Kama kipimo kiko sawa basi ni waya wa gia, pale nyuma unapoingilia kuna kikorokoro cha kuzungusha kwa mkono, nusu mzunguko halafu unajaribu, wala hakuna spana.
Na tafadhali usimwagie oili chafu ya gari, ina unga wa chuma ndani yake na vumbi la huko Mbeya kiangazi linaganda humo inakuwa kama msasa. Safisha na mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ikauke, tone moja la oili ya cherehani kila kiungo halafu ufute yote ya juu. Huku Tukuyu kwa mvua zetu narudia kila nikilowa.

mwana_uyole
Nimewaelewa sana, boksi nimeachana nalo. Vipi pampu? Jirani ana ya pikipiki lakini ya kwangu haishiki.

spana_mbalizi
Basi valvu yako siyo ile nene ya pikipiki, itakuwa ya nati yenye kimpira ndani au ile nyembamba. Hata hivyo nunua pampu yako ya kusimama chini, yenye geji ukipata, shinikizo la tairi limeandikwa ubavuni. Kama ni ya kimpira nunua na vimpira vya akiba, vikichoka upepo unatoka ukadhani ni pancha. Nenda na baiskeli yenyewe dukani, ujaze upepo palepale kabla hujalipa.