Watoto wanne, kinanda kimoja: mnafanyaje muziki wa pamoja nyumbani?

Mama wa Wanne, Kigamboni

Habari za jioni wazazi wenzangu. Nasomesha wanangu nyumbani: binti wa miaka 12, mvulana wa 9, binti wa 6 na kitindamimba wa 2. Hesabu, Kiswahili, sayansi, yote yanakwenda. Kinachoninyima raha ni muziki. Dada mtu anajifunza kinanda, mwalimu anakuja Jumamosi, na mtoto ana bidii kweli. Ila akishakaa kwenye kinanda, wenzake wanatolewa sebuleni. Huyu wa 9 keshaniambia, "Mama, muziki ni wa dada." Neno hilo limenikaa rohoni. Mimi nimekulia Muheza, jioni tulikuwa tunaimba wakubwa kwa wadogo, na kinanda hatukijui kinafananaje.

Sitafuti mwalimu mwingine, wala sina pesa ya vinanda vitatu. Nataka muziki wa wote wanne kwa wakati mmoja, waufurahie, asiachwe hata mdogo. Tumepanga, ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, kwa hiyo ngoma kubwa hapana. Kwenu mnafanyaje?

Shangazi wa Ngong

Dada, sisi hatuna chombo hata kimoja na muziki upo kila asubuhi kabla daftari hazijafunguliwa. Tunatumia solfa ile ile ya kwaya, do re mi, pamoja na ishara za mikono za Mwingereza John Curwen, za karne ya 19. Ngumi usawa wa kiuno ni do. Kiganja kimelala kutazama chini ni mi. Kiganja kimeelekea kifuani ni so, na vidole vikining'inia ni la. Sauti ikipanda, mkono nao unapanda. Mmoja anaonyesha, wengine wanaimba anachoonyesha.

Anza na do, mi na so peke yake. Na usiwe wewe mwonyeshaji siku zote. Kabinti kangu kakipewa zamu, kaka zake wanapandishwa na kushushwa mpaka wanacheka, na hapo hapo masikio yao yanajifunza. Dakika kumi zinatosha.

Fundi Sanduku, Unguja

Salaam mama. Mimi napiga sanduku, yaani besi ya kamba moja ya kudonolewa kwa vidole, kwenye kidumbak, muziki wa harusini huku kwetu, na wanangu wanasomeshwa nyumbani na mama yao. Swali lako limenigusa pande zote mbili.

Ushauri wangu: unda kundi kwanza, chombo kitafuata. Taarab ya kukaa kitako inataka kanuni yenye nyuzi zaidi ya 70, udi, fidla, na watu waliojifunza miaka. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha hapa Unguja, wameanza 1905 na mpaka leo kanuni si chombo cha kushikwa na kila mtu. Kidumbak ni ndugu yake wa mtaani: fidla, sanduku, vingoma viwili vidogo, cherewa ya kutikisa na mkwasa wa kugonganisha. Kila mmoja ana kazi ndogo isiyofanana na ya mwenzake. Cherewa akinyamaza, wimbo mzima unapwaya na kila mtu anasikia. Mtoto wa miaka 6 akishaonja hilo, kwamba bila yeye wimbo haukai, hataondoka sebuleni hata umfukuze.

Kwako ningegawa hivi. Mdogo apewe cherewa: vifuu viwili vya nazi vilivyogundishwa mdomo kwa mdomo, kunde kavu ndani, kijiti cha kushikia. Wa 6 apewe mkwasa, vijiti viwili vifupi vya mti mgumu vya kugonganisha. Dada na kinanda chake akae pale anapokaa mpiga fidla. Sanduku limfae huyo wa 9, na alitengeneze mwenyewe.

Tafuta sanduku la mbao nyembamba. Zamani yalikuwa ya majani ya chai, siku hizi lolote jepesi, na ndoo kubwa ya plastiki nayo inasikika. Toboa katikati ya kitako, pitisha kamba, ifunge kwenye kijiti kwa ndani isichomoke. Ligeuze kitako kiwe juu. Ncha ya pili ya kamba ifunge juu ya mpini wa ufagio, simamisha mpini ukingoni mwa sanduku, kanyaga sanduku kwa mguu mmoja lisitembee. Ukiuvuta mpini nyuma kamba inakaza na sauti inapanda, ukiulegeza inashuka. Hakuna alama ya kukuonyesha do iko wapi, unaitafuta kwa sikio. Wanangu walipokuwa wanajifunza nilikuwa nauona uso unabadilika pale kamba inapokutana na sauti ya wimbo. Hapo usiseme kitu, mwache.

Kwa ajili ya jirani, lisimame juu ya godoro dogo au mkeka uliokunjwa.

Na jambo moja nalishikilia sana: anayeanzisha awe wa mkwasa, asiwe dada. Kwetu hapigi mtu mpaka mkwasa ulie, na ukinyamaza wote wananyamaza. Binti yako anajua zaidi, sawa, lakini kumngojea mdogo na kufuata mwendo wake ni muziki pia, na mwalimu wa Jumamosi hawezi kumfundisha hilo akiwa peke yake na kinanda.

Mwalimu wa Kwaya, Mbeya

Nakubaliana na Fundi, ila naomba binti asinyang'anywe saa yake. Mwenye miaka 12 na bidii ile anahitaji kufanya mazoezi bila mtu kubonyeza pembeni. Iwepo saa ya dada, mlango umefungwa, na iwepo saa ya wote. Wadogo wakijua saa yao ipo na haivunjwi, ya dada wataiheshimu.

Wakiwa pamoja kwenye kinanda, wadogo wapige vibonyezo vyeusi tu. Ni sauti tano ambazo hata zikichanganywa vipi hazigombani, kwa hiyo dada anaweza kushika besi na mdogo akabonyeza apendavyo.

Halafu hiyo cherewa ya mtoto wa miaka 2: kifuu kikipasuka, kunde zinaishia mdomoni au puani. Gundi nzuri, kitambaa juu yake, na mtu mzima awepo.

Mama wa Wanne, Kigamboni

Jamani Mungu awabariki. Nimemsomea mwanangu ile ya sanduku, sasa hivi yuko uani anapima mpini wa ufagio wangu na nimemwachia. Dada mtu hakupenda sana habari ya kumngojea mdogo wake, lakini ya saa yake mwenyewe ameipokea kwa mikono miwili. Shangazi, solfa tunaanza kesho asubuhi.

Nimebaki na mawili. Fundi, tuanze na nyimbo gani? Na kamba ni ya namna gani, maana ya kuanikia nguo imekatika tayari.

Fundi Sanduku, Unguja

Nyimbo ulizoimba wewe Muheza. Zile za kuzunguka duara mmeshikana mikono, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Kiitikio kifupi mdogo atakidaka hata kama maneno hajayajua, na sanduku linahitaji sauti mbili tatu tu kukibeba. Wimbo mmoja kwa wiki, msirundike. Kama bibi yao yupo, mpigie simu awaimbie, wao waushike kutoka kwake, wewe usiingilie.

Kamba ya nguo inanyooka kisha inakatika. Chukua nailoni, na wewe Kigamboni umezungukwa na wavuvi: waombe mshipi mnene wa samaki wakubwa, mita mbili na ziada ya mafundo. Kwenye tundu la sanduku weka kipande cha ngozi au mpira wa ndara, la sivyo ubao utaula mshipi.