Nyie wa "piga iptables -F tu" mmenifungia nje ya seva yangu mwenyewe

Wakuu leo nina hasira na sifichi. Kila mtu akiuliza anafutaje sheria za fayawoli kwenye Linux bila kurestati mashine, anatokea mjuaji mmoja anaandika iptables -F (iptables ndo komandi ya kusimamia fayawoli, yaani kichujio cha mtandao), basi, anaondoka zake. Na mimi nikamsikiliza.

Seva yenyewe iko mbali, naingia kwa SSH tu (yaani naandika komandi kupitia mtandao), na ndani kulikuwa na kazi ya kukonvati video imeshakula masaa 31, ndo maana sikutaka hata kusikia habari ya kurestati. Nikapiga hiyo komandi. Kimya. Nabonyeza herufi haitokei, nikajua ni intaneti yangu imeleta mambo yake, nikazima wifi nikawasha, wapi!

Kumbe -F inafuta sheria lakini haigusi sera ya cheni, yaani uamuzi wa mwisho kwa trafiki ambayo haina sheria yake. Aliyeiseti hiyo mashine kabla yangu aliweka INPUT (cheni ya vinavyoingia) iwe DROP (tupa), halafu ndo akaandika sheria za kuruhusu poti 22 ya SSH na koneksheni ambazo tayari ziko hai. Sasa ukishafuta ruhusa zote kinabaki nini kama sio DROP? Ni sawa na kuchana karatasi ya majina ya wageni ukidhani sasa kila mtu ataingia, wakati bawabu kaambiwa asiye kwenye karatasi asipite. Hata we mwenye shughuli hupiti.

Nikakimbilia konsoli ya kwenye brauza, inataka nywila ya root, ambayo sijawahi kuiweka maana siku zote naingia kwa ufunguo (hapo kosa langu, nakubali, msinisimange). Mwisho nikairestati. Masaa 31 yakaenda na maji. Na mnajua kilichoniuma zaidi? Ilivyowaka sheria zote za zamani zikarudi, maana netfilter-persistent (huduma ya kutunza sheria za fayawoli) huzisoma upya kutoka /etc/iptables/rules.v4 kila mashine inapowaka. Yaani nimepoteza kazi na fayawoli iko vilevile!

Kilichotakiwa ni kuanza na hizi:

iptables -P INPUT ACCEPT
iptables -P FORWARD ACCEPT
iptables -P OUTPUT ACCEPT

Ndipo uje na -F. Sasa ni kweli hamkuwa na nafasi ya kuandika mistari mitatu??

Na bado hiyo -F ukiiacha peke yake inashughulika na jedwali la filter tu, lile la kuruhusu na kuzuia. Raundi ya pili nilifuta vizuri nikashangaa poti 80 bado inapelekwa 8080, kumbe ile iko kwenye nat (jedwali la kubadilisha anwani na poti), mpaka useme iptables -t nat -F, na mangle (la kurekebisha pakiti) hivyohivyo kama uliiwekea kitu. Cheni ulizounda mwenyewe zinaondoka kwa -X. IPv6 nayo ina ip6tables zake, huku ukifuta kule hakujui. Halafu kama una Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena), ukifagia nat na sheria zake zinaenda, kontena zinakosa mtandao mpaka uirestati Docker yenyewe, sio mashine. Hilo nalo nililijua baada ya kupigiwa simu.

Kwa wenye nftables (mrithi wa iptables) kuna nft flush ruleset, inafagia kila kitu pamoja na hizo sera, ila nayo ukiipiga kwa pupa utalia na Docker yako vilevile.

Siku hizi siigusi seva ya mbali kabla ya kufanya iptables-save > /root/zamani.txt, halafu ndani ya tmux (inayoendelea na kazi hata SSH ikikatika) naacha hii inahesabu:

sleep 120; iptables-restore < /root/zamani.txt

Nikijifungia nje nasubiri dakika mbili sheria zinarudi zenyewe, nikiona niko salama naiua kabla haijafika.

Sasa we uliyenijibu wiki iliyopita "mbona simpo tu mkuu", unajijua. Rudi ukaedit lile jibu lako, kuna watu bado wanalikopi.