FJ Cruiser ya 2012 inauzwa Malindi: niichukue?

Kijana wa Barani

Assalaam alaykum wanajamvi. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Kuna Toyota FJ Cruiser inauzwa hapa Malindi, upande wa Casuarina, ya mwaka 2012, rangi ya mchanga na paa jeupe. Mwenyewe ni mzungu anayerudi kwao. Anataka milioni 2.7 na anasema tunaweza kuelewana. Gia ni otomatiki, saa inasoma kilomita 118,000, na injini ikiwaka imetulia, haina mtetemo. Rangi imepigwa juzijuzi, inang'aa kweli. Viti havijachanika. Nyuma ina ndoano ya kuvutia trela kwa sababu jamaa alikuwa na boti ya kuvulia.

Kazi yangu ni kupeleka wageni: Marafa kwenye korongo la Nyari, Tsavo kwa lango la Sala, na mara mojamoja Mokowe kwa wanaovuka kwenda Lamu. Siku nyingine gari ni la familia: mke, watoto wawili, na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Kwa sasa nina RAV4 iliyochoka.

Hii gari naipenda, sifichi. Tangu nikiwa shuleni nikiona picha yake moyo unaenda mbio. Lakini nusu ya pesa ni mkopo wa sako, na mkopo haujui mapenzi. Niangalie nini hasa? Petroli itanimaliza? Na spea zapatikana huku Pwani?

ChumaNaChumvi

Waalaykum salaam, mwanangu. Umeuliza petroli, umeuliza spea, na lililonishtua mimi umelipita mbio: ndoano ya trela. Naanza na hilo.

Boti ya kuvulia hushushwa majini vipi? Gari linarudi kinyumenyume mpaka trela izame na boti ielee. Ekseli ya nyuma inaingia kwenye maji ya chumvi. Sasa fikiria gari limetoka nyumbani, difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli) imepata moto, halafu inazamishwa ghafla. Hewa iliyo ndani inapoa na kunywea, na kama pumulio la difu, kile kitundu cha hewa, limeziba, inavuta maji kupitia kwenye sili. Hulioni kwa nje. Gari litatembea vizuri tu miezi kadhaa, huku beringi zinaliwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujakaa kwenye usukani: mwambie fundi afungue nati ya kujazia oili ya difu ya nyuma, atie kidole. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imekunywa maji. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna muuzaji mwenye nia safi atakayekukatalia.

La pili ni hiyo rangi mpya. Mtu anahama nchi, ana haja gani ya kupiga rangi gari zima? Huenda ana sababu nzuri. Lakini wewe usiangalie rangi, lala chini. FJ kwa sura ni Land Cruiser ya zamani, zile za 40 zilizotengenezwa tangu 1960 hadi 1984, ambazo wazee wa hapa wamezipanda sana: taa za mviringo, paa jeupe, jina TOYOTA limeandikwa kwa herufi kubwa mbele. Huko chini ni kitu kingine. Imejengwa juu ya msingi wa Prado 120, bodi imekalia chesisi yake. Bodi ikiota kutu inakatwa, inaungwa, maisha yanaendelea. Chesisi ikioza huna gari. Na Casuarina ni pwani kabisa: Kusi ikivuma kuanzia Aprili, kila kitu cha chuma kule kinalala na chumvi.

Nakueleza ninavyoikagua mimi. Nachukua nyundo ndogo na bisibisi bapa. Naanzia pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, maana chesisi hii ni kama boksi, ina matundu ubavuni, mchanga wa ufuoni ukiingia hautoki. Mchanga wenye chumvi ukilala mle ndani, chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje, na siku utakapoona kwa nje mambo yameshaharibika. Nagonga kila shubiri. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na vumbi jekundu linamwagika kwenye matundu. Ukikuta chesisi yote imepakwa rangi nyeusi nzito, ya jana, kwangua kwa ncha ya bisibisi sehemu mbili tatu. Pita na mabomba ya breki yanayoelekea nyuma, na pale panaposhikilia shokamzoba.

Kisha njoo mbele. Mkono wa chini wa kila gurudumu umefungwa kwa bolti zenye kisahani chenye alama, ndizo zinazorekebisha alaimenti. Zikishikwa na kutu ndani ya bushi hazizunguki tena, na gari halikubali alaimenti hata ulipeleke wapi. Dawa yake ni kuzikata kwa grainda na kununua bolti na bushi mpya, pengine na mikono yenyewe. Tairi za mbele zikiwa zimeliwa upande mmoja, shuku hapo.

Injini wala isikunyime usingizi. Ni 1GR-FE, V6 ya lita 4.0, inatumia cheni badala ya mkanda, nayo ni ngumu kweli. Angalia tu kama pampu ya maji ina doa kavu la pinki, hiyo ni dalili inavuja. Petroli, nikuambie ukweli: lita moja kilomita 7 hadi 8 ukiendesha kwa adabu. Tangi ni lita 72. Kutoka hapa hadi Mokowe ni kama kilomita 220, kwa hiyo kwenda na kurudi weka lita 60 kwenye hesabu ya mgeni. Ukimtoza bei ya RAV4 utakuwa unamsafirisha bure.

Nenda kaitazame chini, kisha urudi hapa utuambie. Usitoe hata shilingi ya kushikia.

MamaWatamu

Fundi kasema ya chini, mie niseme ya juu, maana ndiyo gari ninayoendesha.

Mama yako mwenye magoti, mpeleke akajaribu kupanda kabla hujanunua. Milango ya nyuma ni midogo, inafunguka kinyume, na haifunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Na mikanda ya viti vya mbele imefungwa kwenye hiyo milango ya nyuma! Maana yake kila nikimshusha bibi yao shuleni au sokoni, aliye mbele afungue mlango, avue mkanda, ndipo wa nyuma atoke. Na buibui, na kikapu, na mtoto mkononi. Mimi nimezoea na naipenda hivyo hivyo, ila mtu mzima mwenye maumivu ataichukia. Muweke mbele, atakaa kama malkia.

Nyuma madirisha hayafunguki. Kaskazi ikipamba moto, Januari mpaka Machi, kama eisii (kiyoyozi) imekufa, waliokaa nyuma wataiva. Ukienda kuitazama nenda saa saba mchana, izimwe kwanza ipate joto, kisha washa eisii ukae kiti cha nyuma wewe mwenyewe.

Na unaporudi nyuma huoni kitu. Ile nguzo ya pembeni nyuma ni pana sana. Kwenye vichochoro vya mji wa zamani, karibu na Msikiti wa Juma, mimi sirudi nyuma bila mtu wa kuniangalilia. Weka kamera.

Zuri lake: sakafu ni ya mpira na vitambaa vya viti havinywi maji. Watoto wakitoka baharini napangusa tu.

Mokowe Jeti

Spea: za chini usiwe na wasiwasi. Vitu vingi vya mbele chini vinaingiliana na Prado 120, na injini hiyo ipo kwenye Prado pia, Mombasa utapata. Shida ni vya bodi. Taa, kioo cha mbele, grili, milango: hivyo ni vyake peke yake. Kioo chake cha mbele ni kifupi kimesimama wima, kina wipa tatu, hakifanani na cha gari lingine. Kikipasuka kwa jiwe la lori huko Gamba, utaagiza usubiri.

Bei nayo, usitegemee itashuka. Japani waliacha kuiuza mwanzoni mwa 2018, na kanuni yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Hesabu hiyo kila mwenye FJ anaijua: za kuingiza kutoka Japani zinakwisha. Zinazoendelea kutumika Uarabuni usukani uko kushoto, haziingii hapa. Kwa hiyo utanunua iliyokwisha kusajiliwa Kenya, nayo imetumika na watu wetu kwenye njia zetu.

Jingine: mwaka 2013 Toyota iliziita FJ nyingi duniani zirudishwe zikarekebishwe kwa sababu ya hiyo mikanda aliyoisema dada hapo juu. Bati la mlango wa nyuma lilikuwa linaweza kupata ufa pale mkanda uliposhikiliwa, kwa kufungua na kufunga kwingi. Ya 2012 ni ya kipindi hicho. Fungua mlango, piga tochi, tazama kama kuna ufa.

Kijana wa Barani

Shukran nyingi. Nilikwenda jana na fundi wangu. Naandika nilivyoona.

Eisii safi. Milango haina ufa. Mama alipanda mbele bila taabu, nyuma alikataa kabisa. Pampu ya maji kavu.

Difu ya nyuma ilipofunguliwa, oili ilitoka kama ulivyosema, ami, imebadilika rangi. Bolti za mbele upande wa kulia zilizunguka, kushoto fundi alining'inia na bomba la futi tano, hazikutikisika. Chesisi mbele ililia vizuri. Nyuma kushoto, juu ya ekseli, kulikuwa na rangi nyeusi mbichi. Nilipokwangua bisibisi iliingia. Si ndani sana, kama upana wa kucha ya kidole gumba.

Jamaa akasema si kitu, fundi wa kuchomelea atatia bamba. Akashuka mpaka milioni 2.3 papo hapo. Nimerudi nyumbani sijalala. Kwa bei hiyo nina laki nne za kutengenezea. Na nimeona nyingine Nairobi, ya 2013, milioni 3.1.

ChumaNaChumvi

Ami yako anakwambia iache.

Difu hufunguliwa ikatiwa beringi na sili, sawa. Bolti hukatwa, sawa. Hayo mawili peke yake ningekwambia chukua, ukate bei. Lakini bisibisi imeingia kwenye chesisi, tena pale pale inapobeba uzito wa nyuma. Tundu unaloliona ni pale chuma kilipoishia, na kilichokizunguka pande zote kimeshakuwa chembamba kama karatasi. Bamba litachomelewa kwenye nini? Joto la kuchomelea litakitoboa zaidi, na ndani ya boksi hakuna anayeweza kupaka rangi pale, kutu itaendelea. Ungekuwa unaendea sokoni nisingesema sana. Wewe unabeba watu wa kulipa kwenda Sala, ile njia yenye matuta, na magari ya huko hupinda na kunyooka mchana kutwa. Unambeba mama. Siwezi kukupa baraka yangu katika hilo hata akikuuzia kwa milioni moja na nusu. Nalisema kwa uchungu, maana najua unavyoipenda.

Hiyo ya Nairobi usiikimbilie na usiihofu. Gari lililoishi bara lina vumbi na lina mikwaruzo ya matatu, ila chuma chake mara nyingi kina afya. Kabla ya kulipa nauli, mwenyewe akupigie picha nne: chesisi juu ya ekseli ya nyuma pande zote mbili, na zile bolti za mkono wa chini pande zote mbili. Awe amepangusa matope kwanza. Akikutumia picha za rimu na redio, mrudie tena kwa upole, umwambie picha nne ulizotaja.

Namba ya chesisi ya zile za Japani huanza na GSJ15. Isome ilipogongwa kwenye chesisi penyewe kwa mbele, uilinganishe na logibuku (hati ya umiliki), kisha ufanye utafutaji NTSA, mamlaka ya usafiri, uone kama kuna benki au sako inayoidai. Kama bado ana karatasi ya mnada wa Japani, linganisha kilomita za kule na za leo.

Ukifika, itafute sehemu ya mchanga au nyasi, uingize gia ndogo ya kati kwenye H4 (magurudumu yote manne yanavuta), uende polepole, kisha L4 (yote manne, kwa mwendo mdogo wenye nguvu). Isiwe kwenye lami kavu. FJ nyingi za mjini hazijawahi kuguswa hiyo gia tangu zishuke melini, na mota inayounganisha difu ya mbele hukwama kwa kukaa bure. Taa ya dashibodi ikiwaka bila kutulia, kuna kazi hapo. Na tazama kama ina swichi ya loki ya difu ya nyuma, inayofanya magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Zipo zenye nayo na zisizo nayo, na bei zake zisiwe sawa.

Bima usisahau: ukibeba wageni wa kulipa kwa bima ya binafsi, siku ya ajali uko peke yako.

MamaWatamu

Na kamera ya nyuma!

Kijana wa Barani

Nimemwandikia mwenye ya Nairobi. Amejibu ana picha mbili tu za chini, nyingine atapiga Jumamosi akipeleka gari kuoshwa. Ile ya Casuarina nimemwambia hapana, kwa heshima. Ami, ikitoka salama Nairobi, nifanye nini ili isiishie kama hii ya hapa?

ChumaNaChumvi

Asipige kabla ya Jumamosi, aioshe kweli, ndiyo vizuri.

Ikifika Malindi, usiipeleke ufuoni kwanza. Iache ikauke vizuri, fundi aondoe vizibo vya chesisi, apulizie oili nzito ndani kwa bomba refu jembamba, mbele mpaka nyuma, hadi ianze kudondoka kwenye matundu. Rangi ya nje peke yake haisaidii. Rudia kila kabla ya Kusi kuanza. Na kila ukitoka Ngomeni au Mambrui, au ukipita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni wakati wa mvua, ioshe kwa mpira wa maji baridi chini yake siku hiyo hiyo, hasa ndani ya yale matundu ya nyuma. Boti ya mtu usiivute.